Nani Atamwambia Baba "Turudi"?

Wanachama wanne wa klabu yetu wanapanga kupanda Kilimanjaro likizo hii ya kiangazi, na watatu kati yao wanakwenda na mzazi. Habari hiyo ilipotajwa kikaoni ilizua mjadala mrefu kuliko mada ya siku ile, ambayo ilikuwa ngeli. Wapo waliosema mlima mkubwa kama ule mtu aende na marafiki zake, mzazi abaki Moshi mjini akisubiri simu. Wapo waliosema hakuna njia bora zaidi ya kwenda nyumbani kuliko hiyo. Sisi tunaoandika ukurasa huu tuko upande wa wanaosema nendeni na wazazi. Lakini tuna sharti moja ambalo hatukusikia mtu akilisema siku ile, ndiyo maana tumeomba nafasi hii. Kabla ya kufunga mizigo, mzazi na mtoto wakae chini waelewane nani atasema "turudi", atasema kwa maneno gani, na kwamba neno hilo likishatamkwa halijadiliwi.

Kwanza, kwa nini twende nao. Hapa Uingereza wengi wetu tumekua tukiwa wakalimani wa wazazi wetu. Barua ya halmashauri ikija tunasoma sisi, benki wakipiga simu tunapokea sisi, na daktari akiuliza jambo mama anatutazama usoni kabla ya kujibu. Kiswahili tulichopata ni cha nyumbani: njoo, kaa, kula, zima taa, umesali? Ni Kiswahili cha kuambiwa. Ni mara chache tumemsikia baba akizungumza na watu wazima wenzake asiowajua, barabarani, kwa raha zake, bila kututafuta kwa macho.

Mlimani mambo hugeuka. Mwongozaji ni Mswahili, mpishi ni Mswahili, wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, ni Waswahili. Mzazi ndiye anayeelewa kila kitu na mtoto ndiye anayeuliza "amesemaje?" Dada mmoja wa klabu yetu, ambaye sasa yuko mwaka wa mwisho, alipanda kwa njia ya Marangu na baba yake miaka miwili iliyopita. Baba ni Mpare, wagumu wengi wa msafara wao walikuwa Wachaga, na kama mjuavyo hao ni watani. Anasema matusi ya utani yalianza langoni na hayakukoma mpaka Horombo, na kwamba kwa siku mbili alimwona baba yake akicheka kwa namna ambayo hajawahi kumwona akicheka hapa. Nusu ya maneno hakuyaelewa. Aliyaandika kwenye simu, na tulipokutana muhula ulioanza tulikaa naye jioni nzima tukiyachambua. Darasani tusingeyapata.

Kwa hiyo faida ipo, na si ndogo. Ila faida hiyohiyo ndiyo inayozaa hatari. Mtu aliyerudishiwa heshima yake baada ya miaka ishirini ya kusomewa barua na watoto hataki kuiweka chini siku ya tatu, mbele ya wagumu waliokuwa wakimwita Mzee, eti kwa sababu kichwa kinamgonga.

Na kichwa kitagonga. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na huko shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani, yaani kila pumzi huleta karibu nusu ya oksijeni uliyozoea. Mwili unaweza kuzoea, lakini huzoea taratibu. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Sasa tazama njia ya Marangu. Usiku wa kwanza hulalwa Mandara, mita 2,720. Kisha Horombo, mita 3,720. Kisha Kibo, mita 4,720. Ni mita 1,000 kila mara, mara mbili ya ushauri. Ndiyo maana wenye busara hulipia siku moja zaidi ya kukaa Horombo, wakatembea mpaka kwenye miamba yenye milia iitwayo Zebra Rocks, kisha wakarudi kulala palepale. Anayeipunguza siku hiyo ili kuokoa fedha anapunguza kitu ambacho hakuna dawa inayokifidia kikamilifu.

Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa mambo ambayo mzazi yeyote wa kwetu atayaita uchovu tu: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, chakula kutopanda. Hapo mtu hatakiwi kupanda zaidi mpaka apate nafuu. Ukizidi, maji hujaa mapafuni, mtu akawa anahema hata akiwa amekaa, au ubongo huvimba, akaanza kuyumba kama mlevi na kusema yasiyoeleweka. Hapo tiba ya kwanza ni kushuka, na kushuka wakati uleule, hata kama ni saa nane za usiku. Ugonjwa huu haumwogopi kijana. Mwenye mapafu ya mchezaji wa mpira anaugua sawa na mwenye kitambi, na mara nyingine anatangulia yeye kwa sababu ya haraka zake. Tena una hila moja mbaya: ubongo uliokosa oksijeni ndio huohuo unaotakiwa kuamua kama mtu aendelee au arudi.

Turudi kwa dada yetu. Horombo baba alilalamika kidogo, kisha akanyamaza. Kibo hakugusa uji. Safari ya kileleni huanza karibu saa sita za usiku, mita 1,200 hivi za kupanda, gizani, kwenye changarawe inayorudi nyuma kila unapokanyaga, katika baridi ya chini ya sifuri. Walipofika kama nusu ya njia ya kwenda Gilman's Point, baba alianza kukanyaga upandeupande. Dada anasema alitembea nyuma yake karibu saa nzima akitafuta sentensi. Neno alilokuwa nalo ni "shuka!" Hilo huambiwa mtoto aliyepanda meza. Mwishowe alisema kwa Kiingereza, kwa sababu kwa Kiingereza neno halina umri. Mwongozaji alisikia, akammulika mzee kwa taa, akaona, na wakashuka wote. Kufika Horombo mchana baba alikuwa anakula ndizi na nyama na akili zake zote ziko mahali pake.

Alikuwa amekasirika, hata hivyo, na tuliposimuliwa hapo ndipo tulipoegemea mbele. Hakukasirika kwamba wamerudi. Alikasirika kwamba binti yake alimsemesha kwa Kiingereza mbele ya wale vijana.

Tumelijadili jambo hili sana na tunaona baba hakukosea na binti hakukosea. Lililokosekana ni makubaliano. Sote tumelelewa na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", na ni methali nzuri, ila imemchukulia mkuu kuwa daima ndiye anayeona mbali. Mlimani saa nane za usiku anayeona mbali ni yule ambaye kichwa chake kingali kizima, awe na miaka 58 au 20. Methali nyingine inatufaa zaidi tukiigeuza kidogo: mchelea mwana kulia hulia yeye, na mchelea baba kununa vilevile.

Lugha yenyewe haitusaidii hapa. Mtoto wa kwetu anajuaje kama baba yake anaumwa? Atamwamkia shikamoo, ataambiwa marahaba. Atamuuliza hujambo, ataambiwa sijambo, na huenda ndani ya hema mtu huyo ametapika mara mbili. Habari za asubuhi? Nzuri. Umelalaje? Salama. Majibu yote yamekwisha pangwa kabla swali halijaulizwa, na kujibu vingine karibu ni kukosa adabu. Tunaipenda desturi hii, wala hatusemi ibadilishwe. Tunasema tu kwamba si kipimo cha afya. Juu ya mita 3,000 inabidi kuuliza maswali ambayo hayana jibu la heshima lililo tayari: Umemaliza bakuli? Kichwa kinauma sasa kuliko jana jioni? Hebu tembea hapa kwenye mstari, kisigino kwa kidole, nami nitembee baada yako. La mwisho tukilifanya kama mchezo wa wawili hakuna anayedhalilika. Lipo pia swali la umekojoa mara ngapi, ambalo waongozaji huuliza kila mtu kwa kuwa mwili uliokauka huonekana hapo kwanza, na hilo tunawaachia wao. Kuna mipaka.

Mtu atatuambia kwamba haya yote ni kazi ya mwongozaji. (Mwongozaji, jamani. Binamu wa mmoja wetu aliandika kwenye kundi la familia kwamba wamepata "gaidi mzuri sana wa kuwapeleka mlimani", na bibi Tanga hakulala siku ile.) Ni kweli huruhusiwi kupanda Kilimanjaro bila mwongozaji mwenye leseni, na wengi wao hubeba kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, na wanaijua kazi yao kuliko yeyote kati yetu. Lakini tufikirie. Mwongozaji amekufahamu kwa siku tatu. Hajui kwamba baba yako kwa kawaida haachi chakula hata akiwa na homa, au kwamba mama yako akianza kuimba polepole ndipo anapoumwa. Wewe unajua. Na kuna jambo jingine ambalo halimkuti mtalii wa Kijerumani: huyo mwongozaji naye kalelewa kama sisi. Mtalii akisema yuko sawa huku anayumba, ataambiwa ashuke na atashuka. Mzee wa Kiswahili akimwambia, "Mwanangu, mimi sijambo, twende," kijana wa miaka thelathini naye atavuta pumzi kwanza, atafute namna. Namna hiyo huchukua muda. Mtoto akiwa tayari ana ruhusa ya kusema, mwongozaji naye hupata mlango.

Wengi wetu tuna mbinu ya zamani ya kukwepa haya yote, nayo ni kujisingizia. Wakati wa mapumziko ya Pasaka baadhi yetu tulikwenda Wales na wazazi watatu kupanda Yr Wyddfa, mita 1,085, kwa njia ya Llanberis. (Mamlaka ya hifadhi ile iliamua mwaka 2022 kutumia jina la Kiwelsh badala ya lile la Kiingereza, na klabu inayohangaika na lugha ya wazazi inapaswa kuwapigia makofi.) Tulikuwa na chai ya tangawizi, mandazi yaliyofungwa kwenye karatasi ya foili, na bajia za kutosha kulisha Llanberis nzima. Mama mmoja alianza kusimama kila hatua ishirini kutazama mandhari. Ukungu siku ile ulikuwa mzito kiasi kwamba hata kondoo wa karibu tulimsikia tu. Binti yake akasema, "Mama, mimi miguu inaniuma, naomba turudi." Mama akasema maskini mwanangu, haya, na wakageuka kabla ya kufika Clogwyn. Goti lilikuwa limevimba, na kushuka ndiko kunakoumiza goti kuliko kupanda, kwa hiyo kila hatua waliyoongeza juu wangeilipia mara mbili.

Uongo mtamu kama huo ni sehemu ya adabu yetu na kwenye kilima cha mita 1,000, chenye reli ya treni pembeni, unatosha. Tunaogopa watu wetu watapanda nao Kilimanjaro. Huko haufanyi kazi, kwa sababu kuna waongozaji wasaidizi. Ukisema wewe ndiye umechoka, baba atasema, "Basi wewe shuka na huyu kijana, mimi nitafika nikupigie picha." Nawe utakuwa umemwacha aliye mgonjwa apande, umeshuka uliye mzima.

Ndiyo maana tunataka makubaliano ya wazi, na tunapendekeza yawe hivi. Yafanyike hapa, mezani nyumbani, na yarudiwe Horombo mahali ambapo akili bado ina hewa. Mzazi ndiye aseme, kwa mdomo wake, mbele ya mwongozaji: "Huyu mwanangu akisema turudi, tunarudi." Hapo heshima haikuvunjika popote. Baba anaweza kumweka mtoto wake kuwa wakili wake katika shamba, katika nyumba, hata katika posa ya dada mtu, na hakuna anayesema amepungukiwa. Usiku ule mtoto hatamwamuru baba yake. Atamkumbusha amri yake mwenyewe.

Maneno yachaguliwe mapema. Familia moja kati ya tatu zinazokwenda tayari imechagua. Mtoto atasema, "Baba, lile neno letu," basi, na hakuna mgumu atakayejua limesemwa nini. Tumelipenda sana hilo. Wengine watataka sentensi kamili, na hapa Kiswahili kinajua kazi yake kuliko tulivyodhani: ile -e ya mwisho wa kitenzi, ambayo tumeisoma muhula mzima kama kanuni ya mtihani, ndiyo inayogeuza amri kuwa ombi. Shuka ni la kumfokea mtu. Tushuke ni letu sote. Naomba tushuke, Baba, ni la mtoto aliyelelewa. Tofauti ni silabi chache, na dada yetu alizitafuta saa nzima kwenye changarawe.

Makubaliano yawe na pande mbili, maana watoto nao huficha. Safari hii hugharimu maelfu ya dola, mara nyingi ni akiba ya mzazi ya miaka, na kijana anayejua hivyo atameza kichefuchefu chake kimyakimya. Upande huu lugha haina shida: mzazi akisema shuka, ni shuka.

Kuhusu kama mwenzake aendelee baada ya mmoja kugeuka, sisi wenyewe tuligawanyika. Wawili kati yetu wanaona ni haramu, mmepanda pamoja mshuke pamoja. Waliobaki tunaona baba anayeshuka salama na mwongozaji msaidizi huku akijua binti yake anaendelea atalala vizuri kuliko aliyemgeuza. Kila nyumba iamue, mradi iamue kabla ya saa sita za usiku. Wenye wadogo zao wanaolilia kwenda wajue pia kwamba hifadhi hairuhusu chini ya miaka kumi kufika kileleni, na tunaona hata miaka kumi ni michache kwa mtoto kueleza kichwa chake kinamuuma vipi.

Tunajua pia maneno yatakayosemwa na mashemeji na majirani: mmekwenda mpaka Afrika mkarudi bila kufika? Wajibiwe kwamba Hans Meyer, ambaye vitabu vinamtaja pamoja na Ludwig Purtscheller kuwa wa kwanza kufika kileleni mwaka 1889, alikuwa amegeukia kwenye barafu mwaka 1887 akarudi kwao. Hakuna anayemwita aliyeshindwa. Mlima hauna haraka. Magoti ya wazazi wetu, hayo ndiyo yenye haraka, na ndiyo sababu nyingine tunasema nendeni nao mwaka huu msingoje mmalize shahada ya pili.

Kwa walimu wetu tuna ombi. Mazungumzo ya kwenye vitabu vya somo letu ni ya sokoni, ya hotelini na ya kituo cha basi. Tunaomba saa moja tu, kabla ya mitihani kuanza, ya mazungumzo ya mtoto mzima na mzazi wake: namna ya kukataa, namna ya kumwonya, namna ya kumwambia anaumwa wakati yeye anasema sijambo. Wale wanne wanaondoka mwezi wa saba. Tumeweka kikao Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa sita, chumba kilekile, na safari hii wazazi wamealikwa. Baba Mpare amekubali kuja. Amesema atazungumza Kiswahili kitupu na asiyeelewa asimuulize yeye, amuulize binti yake.